Kijana Wako Anapotunga "Mungu Aliyezaliwa Tena"

Baba, umerudi shambani jioni, jembe begani. Mwanao, aliyekuja nyumbani kwa likizo, ameketi chini ya mwembe na simu yake. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Unamwuliza, "Mwanangu, wamwandikia nani barua ndefu hivyo?" Naye anakujibu bila kuinua macho, "Siyo barua, baba. Natunga mungu. Zamani alikuwa mungu wa radi. Akauawa vitani, na sasa amezaliwa tena, ni mtoto wa mvuvi."

Unasimama kimya. Mama naye amesikia toka jikoni, ameacha mwiko chunguni. Je, mtoto wetu ameingia dini gani tena?

Wazazi wapenzi, msiogope upesi, wala msinyamaze. Jambo hili lina asili yake na sheria zake, na lina mema na mabaya yake. Afadhali kulijua kwanza, ndipo kusema.

NI MCHEZO GANI HUU?

Watoto wa ulimwengu wote hucheza kwa kujifanya. Mmoja huwa baba, mwingine huwa mama, wa tatu huwa mgonjwa, na udongo huwa ugali. Mchezo huu wa vijana ni ule ule, ila umewekewa sheria. Kila mchezaji humtunga mtu wake na kusema kwa niaba yake. Mmoja wao ni kiongozi. Huyo hueleza nchi ilivyo, adui alipo, na jambo lililotokea, kisha humwuliza kila mmoja, "Basi, wewe wafanya nini?" Hivyo hadithi huendelea, wala hakuna hata mmoja aujuaye mwisho wake.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kupigwa chapa na kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974. Jina lake ni Dungeons & Dragons. Waliotunga ni wawili: Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson wa jimbo la Minnesota. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima, akawa anatengeneza viatu ili kulisha watoto. Walianza na nakala 1,000 tu.

Katika mchezo huo mtu wa kutungwa hupimwa kwa mambo sita: nguvu, wepesi, siha, akili, hekima na haiba. Hapo mwanzo, kwa kila jambo zilitupwa dadu tatu, ikapatikana hesabu kati ya 3 na 18. Hivyo mtu aweza kupata nguvu za fahali na hekima za kuku, naye hana budi kucheza na alichopewa. Je, nasi si ndivyo tuishivyo?

Baadaye mchezo uliingia katika kompyuta. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda mchezo ambao watu wengi waliweza kuucheza pamoja, kila mmoja kwa mashine yake, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Siku hizi watu wasiopata kuonana hata mara moja huandikiana kwa intaneti. Huyu huandika kipande chake leo, mwenzake aliye nchi ya mbali humjibu kesho.

HUYU MUNGU HUTUNGWAJE?

Kabla ya kuanza, mchezaji huandika habari za mtu wake: jina, umri, sura, uwezo, udhaifu, na mambo yaliyompata zamani. Kiongozi huzisoma. Zikimridhisha, hukubali, zisipomridhisha, huzirudisha.

Wachezaji wageni hupenda sana kutunga mungu asiyeshindwa na kitu. Anapigwa mkuki, haumii. Anafungwa, anakata minyororo. Viongozi huwakataa watu wa namna hiyo, kwa sababu asiyeweza kushindwa hana hadithi. Nani atasikiliza habari za mpira ikiwa goli la upande mmoja limezibwa kwa ukuta?

Ndiyo sababu vijana hupenda mungu aliyeanguka na kuzaliwa tena. Mtungaji humvunja kwanza. Humwondolea enzi, humsahaulisha mambo yake ya kale, humtia katika mwili wa maskini anayesikia njaa na baridi. Nguvu zake hurudi kidogo kidogo, na kila zinaporudi humgharimu kitu. Pengine hukutana na aliyemwua zamani asimtambue. Pengine huota ndoto za nyumba asiyoijua.

Iko pia sheria moja nzuri. Mchezaji haruhusiwi kuamua mambo ya mtu wa mwenzake. Aweza kuandika, "Namrushia mkuki." Hawezi kuandika, "Mkuki umemwua." Hilo ni la mwenye mtu wake kusema, au la kiongozi. Aliye mungu katika hadithi lazima angoje zamu yake kama wengine.

NENO LILIKOTOKA

Mtasikia vijana wakisema "avatar". Hilo ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, na maana yake ni kushuka. Wahindu husadiki kwamba mungu wao Vishnu ameshuka duniani mara nyingi katika miili mbalimbali, na kati ya hiyo ni Rama na Krishna. Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alilitumia neno hilo katika mchezo wake wa kompyuta uitwao Ultima IV. Mwaka uliofuata likatumika katika mchezo wa Habitat kumtaja mtu yule mdogo wa picha anayeendeshwa na mchezaji. Leo hata picha ndogo ya mwenye simu huitwa hivyo.

Kwa hiyo tusisahau kwamba kilicho mchezo kwa huyu ni ibada kwa mwingine. Mwaka 2012 Mhindu mmoja wa Marekani, Rajan Zed, alilalamika juu ya mchezo wa Smite, ambamo mchezaji huendesha miungu ya mataifa mbalimbali katika vita, na Kali wa Wahindu akiwa mmojawapo. Alisema haifai yule anayeabudiwa na watu hekaluni ageuzwe kitu cha kuchezewa. Sisi tusiopenda kuona Bikira Maria akifanyiwa mzaha twaweza kuelewa uchungu wake. Kijana akitaka mungu wa hadithi, na amtunge mwenyewe, wala asichukue wa jirani.

MWENYE DUKA NA MWANDISHI

Je, Mkristo aweza kutunga hadithi ya mtu aliyezaliwa tena, hali dini yake haisadiki jambo hilo? Swali hili liliulizwa zamani na Mkatoliki, akaulizwa Mkatoliki.

Aliyeulizwa ni J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mama yake, Mabel, mjane, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, na kwa ajili hiyo baadhi ya jamaa wakamnyima msaada. Alikufa mwaka 1904, mwanawe akiwa na miaka 12 tu. Padre Francis Morgan wa Birmingham akawa mlezi wa yatima huyo na mdogo wake. Tolkien alishika dini ya mama yake mpaka kufa mwaka 1973, na mwanawe wa kwanza akawa padre.

Mwaka 1954 na 1955 alitoa hadithi yake ndefu, The Lord of the Rings. Humo yumo mzee Gandalf, ambaye kwa kweli ni roho aliyetumwa duniani katika mwili wa mzee. Anapigana, anafa, anarudishwa amalize kazi yake. Wamo pia Elves, viumbe wasiozeeka, ambao wakiuawa waweza kurudi katika mwili. Hadithi hiyo iliwavuta sana watunga michezo waliokuja baadaye.

Mwaka huo wa 1954 Peter Hastings, msimamizi wa duka la vitabu vya Kikatoliki pale Oxford, alimwandikia. Alipenda kitabu, lakini moyo wake haukutulia. Je, mwandishi hakupita mpaka aliposema viumbe hawa huzaliwa tena?

Tolkien hakukasirika. Aliketi akaandika jibu refu. Alikiri kwamba jambo hilo, likisemwa juu ya wanadamu, laweza kuwa mafundisho mabaya ya dini. Lakini Elves si wanadamu, ni viumbe wa hadithi. Na mtunga hadithi aweza kuwaza namna nyingine ya kuishi ambayo Mungu angependa kuiumba, ingawa hakuiumba. Kisha akaisoma tena barua yake, akaona amejipa ukubwa kupita kiasi, asiitume. Ilipatikana katika karatasi zake, ikapigwa chapa baada ya kufa kwake.

Hapo twapata mafundisho mawili. La kwanza, kutunga si kusadiki. Kanisa lafundisha, na Katekisimu ya mwaka 1992 yasema wazi, kwamba mwanadamu hufa mara moja, wala harudi katika mwili mwingine kuishi maisha mengine. Wala fumbo la Mungu kujifanya mtu si mfano wa avatar. Kristo alizaliwa mara moja, akafa, akafufuka katika mwili wake mwenyewe. Kijana anayeyajua hayo aweza kutunga hadithi bila kupotea. Asiyeyajua, kosa si la mchezo peke yake. La pili, mtungaji asijione mkubwa. Yeye si Muumba, yeye huazima tu.

KIJANA ALIYEPOTEA

Sasa habari ya uchungu. Mwezi wa Agosti 1979 kijana wa miaka 16, mwenye akili kupita umri wake, alitoweka katika Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani. Alikuwa mchezaji wa Dungeons & Dragons. Wazazi waliajiri mpelelezi, naye akadhani kijana ameingia katika mahandaki ya mabomba ya mvuke chini ya chuo akicheza, akapotea humo. Magazeti yakaieneza habari nchi nzima: mchezo umemmeza mtoto!

Haikuwa hivyo. Kijana alipatikana hai baada ya karibu mwezi mmoja, katika jimbo la mbali la Louisiana. Alikuwa amekimbia kwa huzuni, upweke na mzigo wa masomo. Mwaka uliofuata, 1980, alijiua. Mwaka 1984 yule mpelelezi mwenyewe aliandika kitabu kueleza kwamba mchezo haukuwa chanzo.

Wazazi, tulitafakari jambo hili. Watu waliutazama mchezo kwa macho makali, na nyuma ya mchezo alikuwako mtoto aliyekuwa akizama.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Kwanza, ulizeni kabla ya kukataza. Ketini karibu, mwambieni awasomee alichoandika. Kijana asomaye mbele ya wazazi hatunga upuuzi upesi.

Pili, jueni anaocheza nao. Walio upande wa pili wa simu hawaonekani. Anayejiita msichana wa miaka 15 aweza kuwa mtu mzima mwenye nia mbaya. Mtoto asitaje jina lake kamili, shule yake wala kijiji chake. Asitume picha yake. Asikubali kukutana na mtu bila ninyi kujua. Mchezo ukigeuka kuwa maneno ya uchafu, aondoke, awaambie, naye asipigwe kwa kusema kweli.

Tatu, angalieni fedha. Michezo mingine huanza bure, kisha huuza silaha na mavazi ya mtu wa picha. Fedha ya mahindi isinunue upanga usiokata hata nyasi.

Nne, wekeni saa. Ziko saa za masomo, za kuchota maji, za sala na za kulala. Hata mungu wa radi alale saa tatu.

Tano, mtazameni mtoto mwenyewe. Hali chakula? Amewaacha rafiki zake wote? Hucheza kwa furaha, au hukimbilia huko kwa kuwa hapa nyumbani kuna jambo linalomwumiza? Hayo ndiyo ya kuuliza kwa upole, na ya kumpelekea padre, mwalimu au mganga wa hospitali mapema. Kumnyang'anya simu mtoto mwenye huzuni hakumwondolei huzuni.

Basi, baba, turudi chini ya mwembe. Weka jembe chini. Usiseme kwanza habari za dhambi. Keti kitako, umwulize mwanao, "Huyo mungu wako, udhaifu wake ni nini?"

Atashangaa, maana hakutazamia swali hilo. Atafikiri kidogo. Pengine atasema, "Hajui kuomba msaada, baba. Zamani alikuwa mungu, hakuzoea."

Akisema hivyo, usiondoke hapo upesi. Mwulize, "Na wewe je?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize, hata kama chakula kitapoa. Mama atafunika chungu, atangoja.