Mtambo wa Kuchapa Unaponyamaza

Asubuhi ya Ijumaa, Februari 5, 2016, printa iliyokuwa ikichapa yenyewe, usiku na mchana, taarifa za fedha za Benki Kuu ya Bangladesh mjini Dhaka ilikutwa imenyamaza. Watumishi walidhani ni ubovu wa kawaida. Kumbe wezi walioingia kwa njia ya kompyuta walikuwa wameizima makusudi, na dola milioni 81 zilikwishapelekwa Manila.

Basi, ndugu wasikilizaji, ofisi ya kikosi au kituo cha polisi inayotaka kompyuta zake zote zitumie printa moja isidhani kazi ni kuchomeka waya tu. Printa ipewe anwani ya kudumu, maana anwani ikibadilika kompyuta huipoteza. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo. Hati za siri zisitoke mpaka mwenyewe asimame mbele ya mtambo na kubonyeza namba yake. Vinginevyo zitaokotwa na yeyote apitaye. Printa ikinyamaza ghafla, ofisa wa zamu aarifiwe kabla ya fundi.

Ile ya Dhaka ilipofufuliwa kesho yake, ilitoa maswali ya benki ya New York iliyotilia shaka malipo yale. Huko New York ofisi zilikuwa zimekwisha fungwa kwa mwisho wa juma.