Je, Wajua? Pumzi za Pikapu Kwenye Njia ya Diff

Pikapu ikitoka Garissa kwenda Diff, Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia, huvuka Ikweta na kumeza vumbi njia nzima. Nyuma imebeba mzigo, na juu ya mzigo wamekaa abiria. Si ajabu kila mwenye gari huko anamuuliza fundi namna ya kuiongezea nguvu. Kabla ya kutoa pesa, tazama mabomba mawili: linaloingiza hewa na linalotoa moshi.

HEWA INAYOINGIA

Je, wajua kwamba injini hula hewa nyingi kuliko mafuta? Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Kwa kipimo hicho, lita moja ya dizeli inadai zaidi ya lita 10,000 za hewa. Kituo cha mafuta kinakuuzia ile lita moja. Zile elfu kumi unajitafutia njiani, pamoja na vumbi lake.

Je, wajua Land Cruiser inavuta kiasi gani? Injini ya 1HZ, ile ya dizeli isiyo na tabo iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ina silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja.

Je, wajua kwamba injini ndogo inaweza kuishinda kubwa? Hiyo 1HZ ya lita 4.2 hutoa kilowati 96. Injini ya Hilux ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020 hutoa kilowati 150. Siri yake ni tabo inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, na mafuta yanayorushwa kwa shinikizo kubwa chini ya uangalizi wa kompyuta.

Je, wajua kwamba pikapu isiyo na tabo ina nguvu zaidi Garissa kuliko Nairobi? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko limepungua kwa asilimia 18 hivi. Garissa iko chini ya mita 200. Hata jua likiwaka hadi nyuzijoto 38, hewa ya Garissa bado ni nzito kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Nairobi yenye nyuzijoto 20. Kwa hiyo gari likichoka Garissa, usikimbilie kulilaumu joto.

Je, wajua kwamba joto baya zaidi liko chini ya boneti? Hewa ya nyuzijoto 70 iliyozunguka injini ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ile ya nyuzijoto 38 iliyo nje. Ndiyo maana filta ya koni iliyo wazi, ile inayong'aa ukifungua boneti, mara nyingi huongeza mngurumo na kupunguza nguvu. Bomba la kiwandani linalochota hewa ya nje limeishinda kabla ya safari kuanza.

Je, wajua kwamba Toyota iliwahi kufungiwa kwa sababu ya hewa? Mwaka 1995, magari ya mashindano ya dunia ya rali yaliwekewa kizuizi chenye tundu la milimita 34 mbele ya tabo, ili nguvu zisizidi. Katika Rali ya Catalunya, wakaguzi waligundua kwamba Celica za Toyota zilikuwa na mtego uliopitisha hewa ya ziada pembeni ya kizuizi, kisha ukajifunga wenyewe kila bomba lilipofunguliwa kukaguliwa. Timu ilinyang'anywa pointi na kufungiwa hadi mwisho wa 1996. Wahandisi wa kiwango hicho hawawezi kuhatarisha jina lao kwa jambo lisilo na faida.

VUMBI NA MAJI

Je, wajua kwamba punje ya mchanga ni ngumu kuliko ukuta wa silinda? Sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs kinachoishia 10. Yakipenya hadi ndani hukwangua silinda na ringi za pistoni. Baadaye unaona moshi wa samawati na oili inayopungua bila kuvuja popote. Ngamia hufunga pua upepo wa mchanga ukija; pikapu hutegemea filta tu.

Je, wajua kazi ya kwanza ya snokeli huku kwetu? Wengi huihusisha na mito, lakini siku nyingi za mwaka kazi yake ni kuchota hewa kwenye usawa wa paa, ambako vumbi la magurudumu si zito kama chini kwenye bampa. Ukifuata msafara, geuza kichwa chake kitazame nyuma: punje nzito hazipindi kona kwa urahisi. Ukiweka juu yake lile bakuli la plastiki linalozungusha hewa, vumbi jingi litarushwa nje kabla halijafika kwenye filta.

Je, wajua kwamba snokeli haiigeuzi pikapu kuwa mashua? Toyota huipa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 kina cha kuvuka maji cha milimita 700 tu. Mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yalipokata barabara za Garissa, kina cha maji kwenye laga (mto wa msimu) kiliweza kubadilika wakati dereva angali ukingoni anapima kwa fimbo. Maji hayabanwi kama hewa. Kikombe kimoja kikiingia kwenye silinda kinatosha kupinda konrodi. Kwa hiyo snokeli yenye kiungo kilicholegea ndani ya bawa la gari ni pambo.

Je, wajua kwamba filta ya karatasi iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya? Vumbi la kwanza huziba vitundu vikubwa na kuwa sehemu ya chujio. Kuifungua kila kituo ni kujitafutia hasara: kila ukifungua, vumbi la kwenye kasha lina nafasi ya kudondokea upande safi.

Je, wajua namna ya kuipuliza? Upepo wa kompresa uwe wa chini, utoke ndani kwenda nje, na mdomo wa mpira usiguse karatasi. Kisha ingiza tochi katikati ya filta, mahali penye kivuli, na uizungushe taratibu. Mwanga ukionekana hafifu na sawasawa, filta bado inafaa. Ukiona nukta moja tu inang'aa, karatasi imetoboka na hakuna kuishona. Maliza kwa kupitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linalotoka kwenye kasha kwenda injini. Kikitoka na rangi ya udongo, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa. Angalia klipu, mpira wa ukingo na nyufa.

Je, wajua kwamba filta ya pamba yenye oili ina bei yake ya siri? Hupitisha hewa kwa wepesi, lakini kwenye vumbi jembamba inaweza pia kupitisha vumbi zaidi ya karatasi nzuri. Ukiipaka oili kupita kiasi, matone huchafua kihisi cha hewa na kompyuta huanza kukosea hesabu. Kwa njia ya Diff, karatasi bora inayobadilishwa kwa wakati haina aibu.

MOSHI UNAOTOKA

Je, wajua kwamba karibu theluthi ya nishati ya mafuta yako hutoka kwa ekzosi? Theluthi nyingine hivi huondolewa kama joto kupitia rejeta, na inayobaki ndiyo inayosogeza gari. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi huo kuzungusha pampu ya hewa. Ndiyo tabo ya leo.

Je, wajua kwamba tabo ilijaribiwa juu ya mlima? Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege kwenye kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita 4,300 hivi juu ya bahari, akathibitisha kwamba tabo hurudisha nguvu zinazoibwa na hewa nyepesi.

Je, wajua kwamba injini haihitaji moshi ubanwe ndipo ivute? Huo ni uvumi wa muda mrefu. Kwenye dizeli yenye tabo, kadiri moshi unavyotoka kwa wepesi baada ya tabo, ndivyo inavyowahi kuzunguka. Bomba pana lenye kona chache husaidia kweli. Kwenye 1HZ isiyo na tabo, faida ya bomba la inchi 3 ni ndogo. Utaisikia kwa masikio kabla ya kuiona mlimani.

Je, wajua kwamba kona ya bomba inaweza kula faida yote? Bomba lililokunjwa kwa kupondwa hupungua upana pale pale linapopinda. Mafundi wa chuma wana dawa ya zamani: hulijaza mchanga mkavu, hulipasha moto, kisha hulikunja. Mchanga huzuia kuta zisiingie ndani. Hakikisha tu umekung'utwa wote.

Je, wajua kwamba sailensa ina umri wa zaidi ya karne? Ndugu wawili wa familia ya Reeves, wa Indiana nchini Marekani, walipata hataza yake mwaka 1897. Kuing'oa huleta kelele kwanza, na nguvu kidogo kama ipo. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA.

Je, wajua kwamba ekzosi inayovuja ni hatari kwa walio nyuma? Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Kagua viungo, na mdomo wa bomba uishie nje ya bodi.

KABLA YA KUFUNGUA POCHI

Je, wajua maana ya moshi mweusi? Ni mafuta yaliyokosa hewa. Fundi anayekaza skrubu ya pampu hadi pikapu itoe wingu jeusi amekuongezea gharama na joto. Nguvu aliyoongeza ni ile tu iliyopata hewa ya kuichoma.

Je, wajua hatari ya kuipachika 1HZ tabo? Inawezekana, na wengi wamefanya. Lakini injini hiyo hubana hewa zaidi ya mara 22 na huanza kuchoma mafuta katika vyumba vidogo vya kichwani, ambavyo joto likizidi hupasuka. Anayeweka tabo bila geji ya joto la ekzosi anaendesha gizani.

Je, wajua kwamba pikapu mpya hazidanganyiki? Kompyuta hupima hewa na kuamua shinikizo la tabo. Ukibadili mabomba bila kuirekebisha, faida huwa kidogo mno. Na kabla ya kuizima baada ya mwendo mkali, iache ingurume dakika moja au mbili: tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili ikikatika ghafla huungulia kwenye beringi.

Je, wajua mpangilio wa kutumia pesa? Filta halisi na viungo visivyovuja. Kisha snokeli yenye bakuli. Kisha ekzosi, kama una tabo. Mwisho kabisa, pampu na kompyuta. Wengi huanzia mwisho. Wakifika hatua ya kwanza, wanagundua kwamba nguvu waliyokuwa wakinunua ni ile ile waliyouziwa na kiwanda, ikameza vumbi njiani.