Kupiga Wimbo wa Mwingine Si Kupiga Kopi

Zikitajwa rekodi za jazi za mpiga piano aliye peke yake, swali ni lile lile: "Hizo nyimbo kongwe ni za watu. Zake ziko wapi?" Muulizaji ameazima kipimo cha bendi ya kopi, inayosifiwa kwa kufanana na kanda, akampimia mtu ambaye kazi yake ni kutofanana. "Tea for Two" ya Vincent Youmans ni wimbo mwepesi wa jukwaani wa miaka ya 1920. Msikilize mpiga piano Art Tatum akiupiga mwaka 1933: mahadhi bado yanatambulika, lakini kordi za chini yake zimebadilishwa, mkono wa kushoto unaruka kutoka besi hadi katikati ya piano, wa kulia unamwaga noti mfululizo. Youmans hakuyaandika hayo. Upande wa pili, "Peace Piece" ya Bill Evans ya 1958 huhesabiwa kuwa yake halisi, ilhali ilizaliwa na utangulizi wa wimbo wa Leonard Bernstein, "Some Other Time": kordi mbili ambazo mkono wa kushoto unazirudia karibu mwanzo hadi mwisho, huku wa kulia ukizidi kwenda mrama kwa makusudi. Anayedai mpaka upo auchore hapo.

Atajibu mtu kwamba Keith Jarrett, mjini Köln tarehe 24 Januari 1975, alikaa kwenye piano mbele ya hadhira bila wimbo wowote. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila hata piano yenyewe ilimwekea mipaka: ilikuwa mbovu, besi yake hafifu na noti za juu zinakwaruza, jambo linaloeleza kwa nini aling'ang'ania katikati. Na kipande kinachofunga rekodi ya onyesho hilo alikuwa nacho tayari. Kinyume chake, Thelonious Monk alipoingia studio mwaka 1957 kupiga "'Round Midnight", wimbo alioutunga mwenyewe na uliokwisha kuvuma, aliuhangaikia kama mgeni: mkanda wa majaribio yake uliotolewa baadaye unapita dakika 20.

Basi fanya hivi. Tafuta kwanza wimbo ukiimbwa, uushike hadi uupige mluzi, ndipo umfungulie mpiga piano. Fuata mkono wa kushoto. Vaa spika za masikioni, maana simu inameza besi. Kisha weka "Solo Monk" ya 1965, yenye nyimbo zake na za wengine, usisome majina, ubashiri ipi ni ya nani.