Mulongwe utakula wapi? Uliza mwezi, kisha uliza robine

Wadogo zetu wanaofika Uvira kwa masomo wanatuuliza kila mwaka: "Yaya, huku Mulongwe tutakula wapi?" Wanangoja jina la nyumba na bei ya sahani. Mimi majina siyatoi, juu malewa ya mwaka jana leo ni duka la simu. Kuna vitu viwili ambavyo havihami: mwezi ulio juu na maji ya robine. Ukivijua hivyo, utajichagulia mwenyewe pa kula.

Tuanze na mwezi. Samaki wa hapa njo ndagala, yule mwembamba kuliko kidole. Wavuvi wanatoka jioni, wanawasha taa juu ya ziwa. Vidudu vya majini vinakuja kwenye mwangaza, ndagala wanavifuata, na mikeke wanakuja nyuma kuwala ndagala. Wavu unapandishwa, asubuhi mashua ziko ufukoni. Lakini mbalamwezi ikijaa, ziwa lote lina mwangaza, taa ya mvuvi haivuti kitu. Mashua nyingi zinalala mchangani siku kadhaa, na bei sokoni inapanda.

Kwa hiyo siku za giza kula samaki mbichi, tena asubuhi. Mkiwa watatu au wanne mnaokaa nyumba moja, changeni franka, mmoja ateremke ufukoni mapema, mpike wenyewe na nyanya, kitunguu na mawese kidogo. Hakuna malewa itakayowashinda kwa bei. Siku za mbalamwezi usimsumbue mama wa malewa umtake mikeke wa leo. Kula ndagala wakavu, sombe, ao maharagi na viazi vinavyoshuka kutoka milimani. Ukichoka bugali, uliza wali: mchele wa bonde la Ruzizi hauko mbali. Na ukiona mikeke "wa leo" kwa bei ya chini usiku wa mwezi mkubwa, uliza alivuliwa lini.

Nyumba zenye kitambaa mezani na upepo wa ziwa zipo pia. Samaki ni yuleyule, unalipa upepo. Mpeleke huko mzazi aliyekuja kukutembelea, ao ngoja siku umetetea kazi yako ya mwisho.

Sasa robine, na hapa tusifanye mchezo. Maji ya bomba ya Uvira yanachukuliwa katika mto Mulongwe, yanasafishwa na Regideso. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na watu wanabeba bidoni kwenda ziwani na mtoni. Watafiti waliangalia miaka ya 2009 hadi 2014 hapa Uvira, wakalinganisha siku za maji na wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kipindupindu. Waliona kwamba siku isiyo na maji kabisa ilifuatwa na ongezeko la wagonjwa, zaidi ya mara mbili, katika siku 12 zilizofuata. Ndiyo maana mimi nahesabu: robine zikikauka leo, kwa karibu wiki mbili nabadilisha namna ya kula. Aprili 2020 mto wenyewe ulifurika usiku, ukaua watu na kubomoa nyumba, na mwaka huohuo watu wa mji walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Hayo si mambo ya zamani za babu zetu.

Kubadilisha namna ya kula si kukimbia malewa. Bugali unasongwa ndani ya maji yanayochemka, samaki anatoka kwenye mafuta ya moto. Vikifika mezani vingali moto, haviogopeshi. Hatari iko pembeni ya sahani: pilipili iliyosagwa na maji, nyanya na kitunguu vibichi, juisi ya kufunga katika sashe, kikombe kimoja cha watu wote. Angalia pia sahani zinaoshwa wapi. Beseni moja tangu asubuhi, maji yamekuwa rangi ya mawese: pita. Mama mwenye ndoo ya robine na sabuni mlangoni, hata kama meza yake inayumba, kaa hapo.

Wengine wanaona haya kuuliza. Sema tu kwa heshima: "Mama, samahani, maji ya leo yametoka wapi?" Mama anayechemsha maji atajibu bila kukasirika, tena atakuonyesha sufuria. Mwenzetu mmoja wa chumba alikula samaki wa moto kabisa, hakuna shida, kisha akateremsha na kikombe cha maji kilichokuwa mezani. Alimaliza siku tatu za mitihani akiwa kwenye serumu. Ule mwaka alirudia.

Neno moja bado, juu ya mwisho wa mwezi, wakati pesa za nyumbani hazijafika. Malewa nzuri ya mwanafunzi ni ile ambayo mama anakujua na ana daftari. Kula palepale wiki za kwanza, lipa taslimu, msalimie kabla ya kuagiza. Siku ya ukavu atakuandika bila maneno mengi. Lipa kabla ya kupanda gari la likizo, juu mdogo wako atakapofika mwaka ujao utamtuma kwa mama huyohuyo.