Michoro ya Makaa Ndani ya Fort Jesus

Sisi wa Likoni tukishashuka feri upande wa kisiwani, Fort Jesus si mbali. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na mizinga yake kila mtu aijua. Lakini mle ndani kuna kitu ambacho wengi wetu hukipita mbio: michoro ambayo Wareno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna meli, samaki, watu, hata kinyonga. Vitabu vya historia hutupa majina ya wafalme na makapteni. Hapa ni mkono wa mtu wa kawaida, labda askari aliyechoshwa na zamu.

Sasa shida ni hii. Rangi ya mafuta ikikauka hushika. Makaa hayana gundi, ni vumbi tu lililokwama juu ya chokaa, na kidole kimoja chatosha kulihamisha. Ajabu ni kwamba mwanga hauyapaushi: makaa ni kaboni, na wekundu ule ni jamii ya kutu ya chuma. Adui ni mkono na, hapa kwetu pwani, chumvi. Unyevu huyeyusha chumvi iliyomo ukutani. Ukuta ukikauka, chumvi hugeuka chembechembe tena na kusukuma chokaa kutoka ndani. Chokaa ikibanduka, mchoro nao umekwenda!

Ndiyo maana wataalamu wa michoro kama hii hawaigusi ovyo. Huweka taa ubavuni mwa ukuta ili kila mkwaruzo utoe kivuli, waone chokaa imeanza kuinuka wapi. Kisha hupiga picha, na baadaye hulinganisha. Kunyunyizia dawa ya kushikiza si mchezo. Ikizidi, makaa hubadilika rangi na kung'aa, na kuiondoa ni kazi kubwa.

Na picha zetu za chaki na makaa, zile za Siku ya Wazazi? Kwa maoni yangu twazidhulumu. Tusizikunje kama mikeka. Zilazwe, zifunikwe kwa karatasi nyororo, si gazeti, kwani gazeti lina asidi inayogeuza karatasi kuwa manjano. Ukitia fremu, kioo kisiguse mchoro. Weka vipande vya kadibodi kandokando kuacha nafasi. Plastiki je? Hapana. Ile ukiisugua huvuta nywele, basi na chaki huivuta vilevile.