Usadisti na Umasokisti: Majina ya Watu Yaliyogeuka Istilahi



Mkazi wa Dar es Salaam akisema anakwenda Feri, aghalabu hamaanishi chombo cha kuvukia kwenda Kigamboni. Chombo hicho wengi hukiita pantoni. Humaanisha soko la samaki lililo jirani yake. Kadhalika Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, lakini alitamkaye jina hilo leo hufikiria maduka na bidhaa. Neno likihama, maana yake nayo huhama. Hivyo basi, tunapopokea istilahi ya kigeni, hatuna budi kuuliza imetoka wapi na itabeba nini kwetu.

Usadisti na umasokisti ni istilahi zilizozaliwa na majina ya waandishi wawili. Marquis de Sade (1740–1814) wa Ufaransa aliandika riwaya zilizojaa watu wanaostarehe kwa kutesa wenzao. Leopold von Sacher-Masoch (1836–1895) wa Austria alisimulia, katika riwaya ya mwaka 1870, habari za mwanamume aombaye kutumikishwa na kuchapwa na mwanamke ampendaye. Daktari wa maradhi ya akili, Richard von Krafft-Ebing, ndiye aliyeyaingiza majina hayo katika elimu ya tiba mwishoni mwa karne ya 19. Sacher-Masoch alikuwa angali hai jina lake lilipofanywa jina la ugonjwa.

Je, neno ukatili halitoshi? Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya muuaji, nalo hutaja tendo bila kutaja raha ya mtendaji. Umati unaompiga kibaka sokoni hufanya ukatili. Lakini hasira na kufuata mkumbo si usadisti. Usadisti upo pale ambapo maumivu ya mwingine ndiyo chemchemi ya raha, hususan ya kimwili.

Vivyo hivyo, mchukuzi wa Kariakoo abebaye gunia mgongoni huumia, ila huvumilia kwa ajili ya ujira. Uvumilivu si umasokisti. Hapa ndipo ilipo hatari: mke apigwaye, akabaki katika ndoa kwa sababu ya watoto, umaskini au hofu, akiitwa "mpenda mateso", istilahi imemgeuza aliyedhulumiwa kuwa mwenye lawama.

Sarufi yetu inatusaidia. Usadisti ni raha ya kuumiza; umasokisti ni raha ya kuumizwa. Kiambishi cha kutendwa -w- kinatosha kutenganisha dhana hizi. Hata hivyo, hakisemi kama anayeumizwa ameridhia, na ridhaa ndiyo mpaka unaozingatiwa na elimu ya leo. Katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani liliondoa istilahi iliyounganisha hali hizi mbili, likabakiza ugonjwa wa usadisti unaomlazimisha mtu asiyeridhia.

Kwa hiyo, tuzikubali istilahi hizi kwa umbo linalofuata mfano wa ufashisti na ukomunisti, lakini kamusi zetu zitaje mambo mawili bila kuyaacha: raha na ridhaa. Pasipo raha, tuseme ukatili au uvumilivu. Pasipo ridhaa, tuseme dhuluma.