Spinster: jina la kazi lililogeuzwa dharau

Wengi wetu tumelikuta neno spinster kwenye karatasi za ndoa au za mahakamani, limeandikwa upande wa bibi harusi kama bachelor lilivyoandikwa upande wa bwana. Tunajua maana yake: mwanamke ambaye hajaolewa. Na wanaozungumza Kiingereza wakilitamka kwa mdomo, aghalabu humkusudia yule ambaye umri umempita akiwa bado kwao. Lakini neno hili halikuzaliwa na dharau. Lilizaliwa kazini.

Spin ni kusokota nyuzi. Ile -ster ya mwisho ndiyo nataka tuitazame leo. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, mwisho huo uliandikwa -estre na ulimtaja mwanamke mwenye kazi yake. Mwanamume aliyeoka mikate aliitwa bæcere, ambalo leo ni baker. Mwanamke aliitwa bæcestre. Mfumaji wa kike alikuwa webbestre, na mshonaji wa kike seamestre. Kiswahili chetu hakina mambo hayo: mshonaji ni mshonaji, awe Juma au Mwanaisha.

Mengi ya maneno hayo yamekufa, yakabaki majina ya ukoo tu. Baxter ni muokaji. Brewster ni mpika pombe. Dexter ni mtia rangi nguo. Webster ni mfumaji, na Noah Webster, yule Mmarekani aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, alikuwa na jina lililotokana na kazi ya wanawake.

Yalikufaje? Kazi zenyewe zilihama mikono. Chukua pombe: kwenye mwaka 1300 huko Uingereza, waliopika na kuuza zaidi walikuwa wanawake majumbani mwao. Ilipogeuka biashara kubwa ya kutaka mtaji na vyama vya mafundi, wanaume wakaishika. Nao wakaitwa kwa majina yale yale, hata -ster ikasahau kuwa ilikuwa ya kike. Ndipo Waingereza wakalazimika kuongeza -ess waliyoitoa kwenye Kifaransa, wakapata seamstress: mwisho wa kike juu ya mwisho wa kike! Baadaye -ster ikaanza kuandamana na watu wasiofaa, kina trickster na gangster.

Spinster peke yake ndilo lililobaki na mwanamke. Kusokota ilikuwa kazi iliyowapa riziki wanawake wengi wasio na waume, na kufikia karne ya 17 sheria ya Uingereza ikawa inalitumia neno hilo kumtaja kila mwanamke asiyeolewa, hata kama hakushika pia maishani mwake. Dharau ikafuata nyuma. Mwisho wake, Desemba 2005, England na Wales zililiondoa katika daftari za ndoa, pamoja na bachelor, zikaweka neno moja kwa wote wawili.

Kwangu mimi, jambo kubwa ni hili: neno lililosema mwanamke anafanya nini likageuzwa kusema mwanamke amekosa nini. Halikubadilishwa na wataalamu wa lugha. Lilibadilishwa na watu wa kawaida, siku baada ya siku, kwa namna walivyowataja binti zao na jirani zao.

Nasi tuna wanawake wanaosuka ukili, wanaodarizi kofia, wanaoamka alfajiri kupika mahamri ya kuuza, na wengine wamesomesha watoto kwa kazi hizo. Tukimtaja mmoja wao, tusianze na habari ya mume. Tuanze na kazi yake. Na binti yako akikuuliza spinster ni nini, mpe maana zote mbili, ile ya uzi iwe ya kwanza.